Kitanda cha Mtu Mmoja

Toledo, Jumapili

Wifi yangu Lorna,

Mimi mzima. Gari letu la mizigo ya haraka nimelifungia hita mpya, kwa hiyo nalala humo bila koti.

Jana nilimwita seremala Odell akipunguze kitanda chetu mimi na Clyde kule nyuma ya gari, maana kilizuia kreti la tatu la mizigo lisiingie.

"Shemeji, hapa mtalalaje wawili?"

"Wewe kata."

"Na Clyde akipona?"

"Odell, wewe seremala au mchungaji? Kata."

Akakata. Sikuhisi kitu.

Daktari amesema kaka yako hatazinduka. Wanaohubiri muujiza waje wamgeuze wao kitandani. Lile blanketi pana ulilotushonea nimemfunika nalo hospitalini. Garini halina tena pa kutandikwa.

Wifi yako,
Darla