Gogo Lako Jeusi la Bondeni Muyama

Mpendwa Data, baba yangu,

Huko uliko kwa Bwana huenda umeshajibiwa. Mimi ndiyo kwanza naanza kuambiwa, nikaona nikuandikie.

Unakumbuka kiangazi kile tulipochimba udongo wa matofali bondeni Muyama, jembe lako likagonga gogo jeusi chini kabisa ya matope? Tulilivuta kwa kamba hadi nyumbani. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Baba Neema, umetuletea kipande cha safina?" Ulicheka hadi ukalikalia, na hukuliacha mpaka ulipougua. Hapo ulipukuchua mahindi, hapo ulituongoza sala ya jioni. Na kila mgeni ulimuuliza: "Mti huu uliishi wapi? Mbona kwetu hakuna wa namna hii?"

Juzi alikuja dada mmoja mtafiti, anachimba mabonde kujua hali ya hewa ya zamani. Akalipapasa gogo lako. Alisema matope yalilinyima hewa, ndiyo maana halikuoza, na kwamba linafanana na miti ambayo siku hizi inaota juu milimani tu, kwenye baridi. "Kama ndivyo, basi zamani baridi ile ilishuka mpaka hapa. Naomba kipande nikapime."

Nikamwonyesha ukingoni, akate kidogo. Akanusa, akakunja uso. "Mmelipaka nini?"

Oil chafu, Data. Tangu ututoke, kila Pasaka Mama analipaka, mchwa wasilile. Kumbe oil inavuruga vipimo! Ikabidi akate katikati, ndani kabisa.

Mimi nilikataa moyoni. Nyumba nzima haina kitu kingine ulichokipenda hivyo. Nikamtazama Mama, nikijua atamfukuza. Akakaza kitenge chake. "Baba Neema ameuliza maisha yake yote, mimi namjibu safina. Kata, mwanangu. Ila tusali kwanza."

Msumeno ulipofika ndani ilitoka harufu ileile ya matope ya siku ile, nikageuka kama vile unakuja. Pete zake za miaka ni nyembamba, zimebanana. Mti ulikua polepole, alisema yule dada. Sasa nami silali vizuri: nani mwingine aliisikia baridi hiyo? Ndege gani walitua pale?

Majibu bado. Gogo limekuwa viti viwili vifupi. Mama alileta kopo lake apake palipokatwa, nikamshika mkono.

"Hapo tupaache, Mama. Huenda mwingine akaja kuuliza."

"Na mchwa?"

"Nitawaondoa kwa mkono, kila asubuhi."

Pumzika kwa amani ya Bwana, Data. Likija jibu, nitakuja kulisoma kaburini kwako.

Kifungua mimba wako,
Neema