Mlima Uliopandwa Bila Amri

Chattanooga, Tennessee
18 Oktoba 1863

Dada yangu Keziah,

Salamu nyingi. Kabla ya yote, natangaza kwa majonzi makubwa: kitambi changu, nilichokilea kwa upendo miaka mingi, kimefariki dunia. Matanga hayapo, maana hakuna cha kupika.

Hujambo lakini? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mpishi wa jeshi lenye njaa ni sawa na kinyozi wa vipara. Adui, jeshi la Kusini linalopigania utumwa ubaki, ameshika milima na barabara. Askari wananyang'anyana mahindi na nyumbu wa kukokota magari, na nyumbu ndio wanaoshinda.

Utani kando. Tukisalimu amri, askari watafungwa. Sisi weusi tutarudishwa mnadani. Na mama bado yuko Ringgold, Georgia, nyuma ya milima hii hii, kwa yule bwana tuliyemtoroka.

Kaka yako,
Absalom

Cincinnati
6 Novemba

Kaka Absalom,

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Pole na msiba wa kitambi. Nilipoisoma barua yako, kanisa zima lilicheka, kisha likalia.

Huku Kaskazini nawafulia watu wanaosema jeshi lenu limekwisha, tupatane na Kusini, watumwa wabaki walipo. Mmoja nimemrudishia mashati yake machafu vilevile. "Doa lako halitoki kwa sabuni," nikamwambia.

Mtu aliyetoroka Georgia anasema mabwana wanawahamishia watumwa mbali zaidi. Mama akipelekwa huko, hatutamwona tena. Mmepata chakula? Nijibu upesi.

Dada yako,
Keziah

Chattanooga
2 Desemba

Dada,

Hujambo? Kaa kitako.

Chakula kilikuja. Vijana wetu waliteremka mto kwa mashua, wakateka kivuko, biskuti zikafika. Ngumu kama vigae, lakini tulizishangilia kama bibi harusi. Kisha vikosi vingine vikaja kutuongezea nguvu.

Nasikia huko mnasema niliongoza shambulio la Missionary Ridge, ule mlima alioushika adui. Jamani! Askari waliamriwa wateke mahandaki ya chini, wasimame hapo. Mimi niliamriwa niwapelekee kahawa watakaposimama. Hawakusimama! Risasi ziliwanyeshea kutoka juu. Kubaki ni kufa, kurudi ni aibu, basi wakapanda. Nami nyuma na birika, natweta: "Kahawa, jamani!"

"Ilete juu, mzee!" sajini akanijibu.

Chini makamanda waliulizana nani ametoa amri. Hakuna aliyeitoa. Tulipofika kileleni, adui alikuwa anatimkia upande wa pili, mizinga kaiacha. Birika lilikuwa limebaki na kikombe kimoja tu cha kahawa. Nilikinywa mwenyewe.

Lango la Georgia liko wazi, Keziah! Wateja wako wa mapatano waanze kutafuta maneno mengine.

Tuliwafukuza hadi Ringgold. Nikakimbilia shambani kwa yule bwana kumkomboa mama. Kibanda kitupu, watu wote wamehamishwa. Nililia njia nzima kurudi kwenye magari yetu ya nyumbu. Na huko nikamkuta ameketi juu ya gunia la biskuti, kuku kwapani, anamgombeza sajini.

"Mama!"

"Umekonda," akasema. "Tena umechelewa."

Nitakuja naye. Ila kanisani uwaambie ukweli: sikumkomboa mimi. Mlima ulipotekwa, bwana alikimbia na watu wake. Mama akachepuka msituni, akafuata mlio wa mizinga yetu, akaja kwa miguu yake mwenyewe.

Kaka yako,
Absalom