Leso Yangu na Mashine ya Babu Yako

Mjukuu wangu Karisa,

Una wazimu wewe! Umebadilisha kadi za mashine, vile vibao vya umeme vya ndani, moja baada ya nyingine, bado inazima, sasa waniuliza kama uache kazi urudi nyumbani Mtopanga? Shikamoo yako nimeipokea. Sisi tu wazima, mamako anakusalimu.

Babu yako alipokuwa fundi kiwandani Changamwe, nilimpelekea chakula nikamkuta kaifungua mashine kuukuu ya kuchonga vyuma, inayoendeshwa na kompyuta kama yako, nayo imegoma kuwaka, anapangusa plagi za nyaya kwa leso yangu mpya!

"Fundi, umeshindwa, sasa waosha vyombo?" wenzake wakamcheka.

"Sijashindwa, sijaanza. Naondoa uchafu kwanza."

Nilimfokea mpaka mashine ikawaka. Hakubadilisha hata kadi moja. Leso ninayo, na doa lake.

Zima umeme, chomoa kila plagi, uipanguse, uirudishe. Kisha nipigie, na usikate simu mpaka niisikie mashine ikizunguka.