Maua ya Mama Bhoke

Jumanne, 18 Machi 2025
Nimeuza mbegu za chia kwa watu kumi na moja hapa Kegonga. Mdomo huu uliuza redio mbovu Mwanza na viatu vya mguu mmoja Kisii – chia itanishinda? Kampuni imenipa fulana: MSHAURI WA WAKULIMA. Mimi, Wangwe wa darasa la sita!

Mama Bhoke, mjane wa hapa jirani, amekubali wa mwisho. Miaka ishirini na mbili ya tumbaku. Kauliza, na nani atakuja kutuonyesha? Nikasema mimi, mama, kila wiki. Basi msimu huu nusu ekari yake yote ni chia. Hata mche mmoja wa tumbaku hapandi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimempigia Dorine wa ofisi ya Migori, nimemwomba mafuta ya pikipiki nizungukie wateja. Kacheka. Kampuni inalipa kwa pakiti iliyouzwa, haina malipo ya kutembelea shamba. "Wangwe, wewe uza. Chia inajikuza."

Nikapita kwa bwana shamba wa serikali. Yuko peke yake, wadi tano. Pikipiki yake iko juu ya mawe. Ukimtaka, changa nauli.

Kesho Awendo, kuwauzia watu wa miwa.

Jumatano, 30 Aprili
Awendo bado. Biashara moto. Bhoke kapiga simu mara ya tatu: mwalimu, utakuja lini, imefika magotini. Nilikuwa mbele ya watu, nikajibu kibosi – mama, wewe ni mkulima kuliko mimi, itunze kama ulivyotunza tumbaku yako. Watu wakacheka. Nikajiona mkubwa.

Ijumaa, 23 Mei
Nimerudi. Werema, mmoja wa wateja wangu, ananiambia Gichana, yule afisa wa kampuni ya tumbaku, anaandikisha wakulima upya, boma kwa boma. "Yeye angalau tunamjua sura," akasema, akiniangalia fulana.

Maneno hayo yameniingia. Gichana alikuja kila Jumatatu, mvua au jua. Alijua hadi majina ya ng'ombe wetu. Najua alikuwa analinda majani ya kampuni yake. Lakini alikuja.

Alhamisi, 5 Juni
Niko kwa Bhoke. Mafuta ya mfuko wangu.

Shamba safi ajabu. Gugu hakuna. Mistari kama ya rula. Chia imefika kifuani, majani mapana, kijani kibichi. Ua hata moja sioni. Kando kuna beseni – vichwa vya maua ya zambarau, vimejaa, vimenyauka.

"Nimevunja yote, mwalimu," anasema, anang'aa. "Kila asubuhi. Vile Gichana alitufundisha, ua likitoka vunja, ndio jani linenepe. Si ulisema kama tumbaku? Ona majani!"

Kwa chia tunavuna mbegu. Mbegu inatoka kwa ua. Sikuwahi kumwambia. Siku ile nilisema tu Wazungu wanakunywa, ni dawa ya moyo – yeye akadhani ni majani, kama chai. Kafanya kazi kuliko wote kumi na mmoja. Kasikiliza kuliko wote.

Labda itachanua tena. Labda. Sijui, na mshauri ni mimi. Nimempigia Dorine, hashiki.

Kunichinjia jogoo, kachinja. Kaita na wenzake watatu walionunua mbegu kwangu. Zao zimeanza kutoa maua juzi. Kesho alfajiri anakwenda kuwaonyesha namna ya kuvunja.

Sasa wamekaa, mimi kwenye kiti cha mgeni, daftari kwenye goti. Jogoo ananukia. Bhoke ameshika birika la kunawa. Anasema, "Kabla ya kula, mwalimu awaambie hawa kama nimefanya sawa." Wananitazama nikiandika, wanadhani ni majina yao.

Bhoke anauliza kama lake nimeliweka la kwanza.