Kadi Kumi na Sita za Baba Yetu, Mwinyimadi Shomari

Mwaka umetimia, Baba, tangu masika yale yalipokuchukua, nasi hapa Kisarawe bado tunageuka kila tukisikia kengele ya baiskeli barabarani. Mama anakumiminia chai, kisha anakumbuka ikishapoa.

Ulikuwa mtu wa kusimama. Uji ulikunywa umesimama, barua ulisoma umesimama. "Kiti kimekukosea nini?" Mama alikuwa akikuuliza, na wewe umeshafika mlangoni.

Hospitalini ulikuwa dresa kwa miaka kumi na tisa. Ulifunga vidonda, ulipiga sindano, uliwafasiria madaktari wageni. Mzee akiletwa anavuja damu, shikamoo yako ilitangulia bandeji. Watu wa Chole walikucheka kwa hilo, na bado waliacha dawa zilizo karibu nao wakaja kwako.

Liko jambo ambalo sisi watoto hatukulijua mpaka Mama alipotueleza mwaka huu. Ametutaka tuliandike bila haya, kwa sababu wewe mwenyewe mwishoni haya uliiweka kando.

Mwaka 1953 ililetwa dawa mpya kutoka Dar es Salaam, mafuta ndani ya vichupa vidogo, jina lake testosteroni. Ilikuwa ya wanaume ambao miili yao haitengenezi tena kile kinachowapa ndevu na nguvu. Mitaani ikaitwa sindano ya ujana, na kila mwenye mvi akaitaka. Mmoja wao alikuwa kaka yako, baba yetu mkubwa Mwishehe wa Mzenga, aliyekuja akilalamika kuchoka.

Daktari alikuambia umuulize kama anapata taabu ya haja ndogo, maana dawa ile humdhuru mwenye uvimbe mbaya kwenye tezi iliyo chini ya kibofu. Ulimtazama kaka yako, aliyekulea tangu Babu alipofariki, ukaona haya kumuuliza. Ukamgeukia daktari ukajibu mwenyewe kuwa hana taabu. Sindano ulimpiga wewe.

Baada ya miezi miwili na nusu baba mkubwa alifungika mkojo. Walimleta kwa lori la mihogo, akafariki siku ya nne. Kama ni dawa iliyomwahisha, au ugonjwa ulikuwa njiani tayari, hakuna aliyeweza kusema. Daktari aliingiwa na hofu, akaifungia dawa kabatini asimpe mtu tena.

Hapo akaumia mwingine. Isihaka wa Soga, mtu wa miaka thelathini, alikuwa amepondwa na toroli la mkonge, na korodani zake zote mbili zikaondolewa ili apone. Sindano zile zilikuwa zimemrudisha shambani. Zilipokatwa akarudi kutokwa jasho la ghafla na kulegea viungo, akawa anajifungia ndani akiwakimbia wenzake.

Mama aliona tu kwamba hutulii. Ulikwenda Mlandizi, ukaenda Soga, ukarudi kesho yake na matope hadi magotini. Ukaandika, ukachana, ukatoka tena. Sahani yako ilirudi jikoni imeguswa upande mmoja. Miezi saba ilipita hivyo, na Mama akafikiri alilofikiri.

Asubuhi moja alishika usukani wa baiskeli.

"Baba Shomari, kama kuna mwanamke huko Soga, niambie nijue moja."

"Hakuna mwanamke."

"Basi kuna nini?"

Uliiachia baiskeli mikononi mwake. "Nilimjibia kaka," ulisema. "Daktari aliniuliza habari zake, nami nikamjibia."

Ulimweleza yote mkiwa mmesimama pale uani. Ulimwambia pia kwamba unataka kuwaandikia madaktari mafunzo juu ya dawa ile, nani apewe, nani asipewe, na namna ya kumuuliza mzee wa huku akajibu. Lakini kila ukurasa ulikushinda, kwa sababu hukujua kaka yako aliteseka vipi. Hukuwahi kumuuliza.

Mama hakukushauri kitu. Siku ya tatu alikwenda Mzenga kwa mama mkubwa Biubwa, mjane wa marehemu.

Mama mkubwa alikuwa akipukuchua mahindi. Alimsikiliza hadi mwisho, na mikono yake haikusimama.

"Kumbe aliulizwa," alisema.

"Aliulizwa, dada. Swali halikumfikia."

"Rudi kwako, Mwanakheri, kabla sijatamka neno nikalijutia."

Mama alirudi akijilaumu kwamba ameua udugu uliokuwa umebaki. Kwa wiki mbili alikosa raha kuliko wewe. Kisha mama mkubwa akatokea mwenyewe na furushi lake kichwani, hakukusalimia, akaingia chumbani akakaa nyuma ya pazia. Mambo yale mtu hayasemi mbele ya shemeji yake.

"Mwambie aandike," alimwambia Mama. "Aliamka mara sita, mara saba, akasimama muda mrefu, haja ikatoka kidogo."

Mama akageuka. "Anasema aliamka mara sita, mara—"

"Nimesikia," ulisema.

"Asiseme amesikia," mama mkubwa akasema. "Angoje aambiwe."

Ukangoja, ukaambiwa, ukaandika. Maumivu ya mgongo. Kuacha kunywa maji akitaka kwenda msikitini. Mama alirudia kila neno kwa sauti, kana kwamba pazia lile ni ukuta wa mawe.

"Mwambie: nilimsihi aende kwa mdogo wake. Akanijibu, mtoto niliyemwogesha mimi, nitamvulia vipi nguo?"

Hilo Mama hakulirudia. Uliweka kalamu chini, ukaketi sakafuni, mgongo wako kwenye ukuta.

Kabla hajaondoka, mama mkubwa alisimama mlangoni akitazama nje. "Sijamsamehe," alimwambia Mama. "Aandike kwanza."

Uliandika, Baba. Karatasi zilichakaa kwa mvua na mikono, basi Mama akanunua nguo ya merikani, akaikata, akaipiga pindo, ukaandika upya juu yake. Kadi kumi na sita, upande mmoja Kiingereza chako, upande wa pili Kiswahili. Ulichora kibofu mfano wa kibuyu na tezi iliyokikaba shingoni. Uliandika kwamba daktari amkague mgonjwa kwa kidole kabla ya sindano ya kwanza, na kwamba uchovu peke yake si sababu ya kumpa mtu dawa ile. Kadi tatu zilikuwa za watu wa hali ya Isihaka, kwamba wanaihitaji na wasinyimwe kwa woga, na waambiwe mapema kuwa itawapa nguvu lakini haitawapa mtoto. Kadi ya kumi na sita ilikuwa na mstari mmoja: Usimfanye ndugu wa mgonjwa kuwa mfasiri.

Uliomba kuwaonyesha madaktari, bwana mkubwa mmoja akakujibu kwamba dresa hamfundishi daktari. Ukaandika barua nyingine, na nyingine. Mwishowe daktari mpya alikubali, akawaita wenzake wanne wakutane Kibaha siku ya Jumatatu. Alhamisi iliyotangulia ulikwenda Soga kumwomba Isihaka ruhusa ya kueleza habari zake, akakupa, ukarudi umelowa. Kichomi hakikukupa wiki. Maneno yako ya mwisho kwa Mama yalikuwa, "Kadi zisilowe."

Mama alikaa eda yake akizihesabu kadi zile asubuhi na jioni. Siku alipotoka alimtumia salamu daktari, na mkutano ukawekwa upya. Walikwenda wawili, yeye na mama mkubwa Biubwa, nyuma ya lori, kadi zimefungwa ndani ya kanga mbili.

Madaktari walikuwa watano. Mama hajasoma shule, lakini alizishona zote, na kila kadi aliijua kwa pindo lake. Daktari mmoja aliichukua ya pili, akajaribu kuuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Mzee, unakojoa mara ngapi?"

"Hatakujibu," Mama alisema.

"Kwa nini?"

"Umemtukana. Kwanza msalimie. Mtoe nje mwanawe. Kisha useme, mzee, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja? Ukishauliza, unyamaze. Atachelewa kujibu. Usimjibie."

Yule daktari alirudia mara tatu mpaka mama mkubwa akaitikia kwa kichwa kwamba sasa inatosha. Wengine wakaandika kwenye madaftari yao. Hakuna aliyecheka.

Mwezi ule ule Isihaka alikaguliwa, akapewa tena sindano zake. Yuko kazini kwenye mkonge. Alikuja hapa siku ya hitima yako ya kutimiza mwaka, akakaa na wanaume wenzake barazani mpaka chakula kilipoisha.

Kadi zilipelekwa Dar es Salaam, tukaambiwa zitapigwa chapa zigawiwe majimboni. Hadi leo hatujapata jibu. Lori likisimama barabarani Mama anatoka kutazama, anarudi, anashika kazi, anaiacha. Mwezi ujao atakwenda mwenyewe kuuliza, na sisi tumeacha kumzuia.

Jana tulipokuwa tukiandika tangazo hili la kumbukumbu yako, mama mkubwa Biubwa alifika kutoka Mzenga. Tulimsomea. Alisikiliza, akatuamuru turekebishe idadi ya siku alizougua mumewe, tukarekebisha.

"Na mimi niandikeni," alisema.

Shomari akamuuliza aandikwe vipi.

"Shemeji yake. Bado nina neno naye, tutalimaliza huko tutakakokutana. Lakini niandikeni."

Unakumbukwa na mkeo Mwanakheri. Watoto wako Shomari, Mwamvita na Abeid. Shemeji yako Biubwa, mjane wa Mwishehe. Wakwe na wajukuu wa Kisarawe, Mzenga na Mlandizi. Na Isihaka wa Soga, aliyeomba ahesabiwe ndugu.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Baba. Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.