Namba Nne za Kichwani

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikufikie kutoka kitanda cha dirishani, hapa hospitalini Duluth. Natumaini goti lako halikusumbui sana na baridi hii, na kwamba jirani yako Arvid bado anakuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka. Mimi ninapumua, ninakula uji, na daktari anasema figo imeacha kuvuja damu. Utausamehe mwandiko, huu ni wa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umetiwa vyuma na sitautumia mpaka theluji iyeyuke.

Najua umepiga simu wodini mara nyingi. Ni mimi niliyewaambia wauguzi wasikuunganishe. Kwenye simu ungelia, nami ningelegea kama kawaida yangu, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu ni kutunza kompyuta za ile nyumba inayowahifadhi wanawake waliokimbia waume zao. Tangu Janelle alipombeba binti yao Brynn na kumkimbia mumewe Darrell, shavu likiwa limepasuka, nilijua kaka yangu ataanza kunusanusa huko. Na kweli Janelle alipitia kwetu. Alikopelekwa baada ya hapo sikujua wala sikutaka kujua. Anwani zote zimo kwenye seva yetu, mashine ya Linux iliyofungiwa kabatini karibu na jiko, na faili lake sijalifungua hata siku moja. Wewe uliniuliza mara mbili aliko nikakujibu sijui, ukaona nakuficha. Nilikuwa nakwambia ukweli.

Mwezi wa Novemba niligundua kuna mtu anayebahatisha manenosiri ya wafanyakazi wetu. Karibu aingie kwa jina la Lavonne, mpishi wetu, ambaye nenosiri lake lilikuwa jina la paka wake. Nikaogopa, Mama. Nikakaa na Marlys, mkuu wetu, tukakubaliana kukaza kila kitu. Nenosiri lisipungue herufi kumi na tano, la zamani lisirudiwe, na likishakubaliwa, mashine iulize tena: andika namba zako nne za siri, kisha zile sita zinazobadilika kila nusu dakika kwenye simu yako. Zile nne haziandikwi popote, kila mtu anazo kichwani mwake. Atakayekosea mara tatu anafungiwa, na hafunguliwi na mashine bali na Marlys mwenyewe, baada ya kumpigia simu na kusikia sauti yake. Na simu isipopokelewa, Marlys anawaita polisi.

Walinichukia wiki nzima. Lavonne aliniuliza kama kesho nitataka na mkojo wake. Nilivumilia, nikaweka kanuni moja baada ya nyingine, dirisha la kwanza kwenye kompyuta nikiliacha wazi mpaka nijaribu kuingia kwa dirisha la pili, maana fundi anayefunga la kwanza kwa haraka hujifungia nje ya mashine yake mwenyewe. Ilipokamilika nilijiona nimefanya jambo la maana. Sikuwaza kwamba mtu akishindwa kuvunja mashine, atamtafuta anayejua namba na kumvunja yeye.

Jumamosi ile Darrell alinipigia, sauti yake laini kabisa, akaniomba nikamsaidie kutengeneza gari lake la theluji. Nilikwenda kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu mjinga hajifichi. Gereji ilikuwa na joto na alikuwa amenichemshia kahawa. Nilipoinama kuitazama injini alinipiga na fimbo ya hoki nyuma ya magoti, halafu mbavuni, halafu sikuhesabu tena. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye meza ya kazi, mkono wa kulia juu ya meza ndani ya jiriwa, ile anayobania vyuma. Kompyuta yangu ya mkononi alikuwa ameitoa kwenye gari langu na kuifungua mbele yangu. Dole gumba langu alilibandika kwenye simu, ikafunguka.

Kisha akaandika nenosiri langu. Herufi ishirini na tisa, Mama, bila kusita na bila kukosea. Mashine ikamkubali. Nilihisi baridi hata kabla hajazungusha mpini wa jiriwa.

Ndipo ikauliza namba nne. Darrell aliniangalia kama anavyowaangalia samaki kabla ya kuwapiga kichwani. Aliniambia anamtaka binti yake tu, na kuhusu Janelle ana neno moja dogo la kumwambia, akaigonga bunduki ya kuwindia iliyokuwa imeegemea mlango. Alinitajia na mahali atakapomzika, kule tulikokuwa tukiwinda na Baba.

Mama, mimi si shujaa. Nilijua nitasema. Akiendelea saa nzima ningesema kila kitu. Njia niliyokuwa nayo ilikuwa moja: kudanganya mara tatu kabla mwili haujanisaliti.

Mara ya kwanza nilimwacha azungushe mpini mpaka kidole kidogo kikalia, ili aamini. Nikatoa namba huku napiga mayowe, na mayowe yalikuwa ya kweli. Mashine ikakataa. Alidhani amechelewa, namba za simu zimebadilika, akanipiga ngumi ya pua na kuniamuru nirudie. Nikamwambia kwa hofu nimechanganya, nikampa nyingine. Ikakataa. Hapo alielewa namchezea. Alizungusha jiriwa mara moja kwa nguvu zake zote na nikasikia mifupa ya kiganja ikivunjika pamoja. Nilijikojolea. Nilikuita wewe, Mama, kama mtoto.

“Ulikuwa unaropoka kila kitu tulipokuwa wadogo, profesa,” alinambia sikioni, akinishika nywele. “Ropoka sasa.”

Zile za kweli zilikuwa mdomoni. Nakuapia, zilikuwa kwenye ulimi pamoja na damu. Nikasema nyingine.

Mashine ikaandika kwamba nimefungiwa, nimwone msimamizi. Alisoma mara mbili. Nikamwambia basi, hata mimi siwezi tena, hata ukiniua haifunguki, na nadhani nilicheka. Aliyonifanyia baada ya hapo hakuyafanya ili apate kitu. Jino moja walilitoa shavuni mwangu hapa hospitalini. Simu yangu ikawa inaita juu ya meza, jina la Marlys likiwaka, ikanyamaza, ikaita tena. Darrell hakuipokea, na Marlys, aliyejua niko kwa kaka yangu, akawaita polisi. Polisi walipovunja mlango wa gereji alikuwa bado ananipiga mateke, na ilibidi watatu wamlalie. Janelle na Brynn walihamishwa jioni hiyohiyo. Wako hai.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mkono ulipokuwa ndani ya jiriwa nilimuuliza Darrell nenosiri langu alilipata wapi. Alicheka.

“Mama amenipa, we fala. Kila mtu kwenye familia hii anajua mtoto ni wa nani, ila wewe.”

Kwanza nilisema ananidanganya. Lakini sentensi ile uliichagua wewe, Mama. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, kwenye meza ya jikoni kwako, nilipokuwa nalalamika kwamba kanuni zangu mwenyewe zinanitaka nenosiri refu. Ukaniambia tumia lile neno la Baba kuhusu samaki wa Jumapili, tukacheka wote wawili. Hapakuwa na mtu mwingine jikoni.

Nadhani alikwambia anataka kumpelekea Brynn zawadi. Nadhani ulitaka kuamini. Ninakupenda, na nina hasira na wewe. Uliuona uso wa Janelle. Ulimwekea barafu kwa mikono yako.

Umeniachia ujumbe kwamba niseme tulipigana kama ndugu wanavyopigana, kesi iishe kimya kimya. Mpelelezi anakuja Jumanne. Swali lake la kwanza litakuwa nenosiri lilitoka wapi, nami nitamjibu. Baba alipokuvunja taya uliwaambia madaktari umeteleza kwenye barafu, na mimi niliyekushikia taulo nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ulinikanya kwa macho. Mimi sikuteleza, Mama.

Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili kutoka kanisani kwako na kinafunguliwa Jumatatu asubuhi. Arvid atakupeleka ukimwomba. Ningependa nikimjibu yule mpelelezi, anikatize aniambie ameshajua, mama yako alikuja jana.

Nisalimie Arvid na wote wa kanisani wanaoniulizia. Vaa viatu vyenye meno ukitoka, na dawa ya presha usiikatize. Nabaki mwanao, ambaye bado anakupenda,

Rudy