Usawa wa Kilwa

Ijumaa, 13 Juni
Nimepima tena baada ya magharibi, hapa Shangani, kaskazini kidogo ya Ruvuma, kama jana na juzi. Kipimapembe, uzi, nati ya kuuvuta uzi. Nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini, Msalaba unaposimama wima: digrii thelathini na saba juu ya upeo wa macho. Ukienda kaskazini inashuka, ukienda kusini inapanda. Hivyo latitudo inajulikana. Somo la kidato cha tatu shule ikifunguliwa.
Kesho naandamana na mume wangu, Festo, hadi mdomo wa Ruvuma; kipimapembe nakibeba. Anakagua mikoko.

Jumamosi, 14 Juni
Injini imekufa. Mto umetusukuma nje, kisha mkondo ukatuchukua. Hamisi, nahodha, ameivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vimechubuka. Simu hazina mtandao. Mawingu, hakuna kupima.
Sindano za kisukari za Festo ziko kwenye friji nyumbani. Tulisema tutarudi mchana.

Jumapili, 15 Juni
Hakuna nchi kavu popote. Hamisi ana uhakika tunaelekea Msumbiji. "Tulia, Mwalimu. Watatutafuta huko huko kusini."
Festo anatapika. Anahema kama aliyetoka kukimbia.
Jioni nimepima mara nyingi, maana boti inayumba. Thelathini na sita. Imeshuka, basi tunakwenda kaskazini. Tuko usawa wa Kilwa. Wanatutafuta mahali ambapo hatupo.
Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni
Alfajiri nilimwambia Hamisi: mbele ni Mafia, tukiipita ni bahari tupu. Tupige kasia kuelekea magharibi.
"Kwa nyota moja, Mwalimu?"
"Ndiyo."
Akachukua kasia. Mimi nikachukua ubao wa kukalia.
Festo alikataa maji. "Kunyweni nyie mnaopiga kasia." Nilimchukia kwa maneno hayo. Kisha nikanywa.
Amekufa alasiri. Kichwa chake kilikuwa kwenye mguu wangu na mimi napiga kasia. Sijui ni saa ngapi hasa. Hilo ndilo linaloniua.
Jioni sikutaka kupima. Hamisi akasema, "Pima, dada." Hajawahi kuniita hivyo.
Thelathini na tano. Usawa wa Mafia.

Jumatano, 18 Juni
Mafia. Jana asubuhi wanawake waliokuwa wakichokoa pweza kwenye mwamba walituona, wakapiga kelele. Hamisi alimbeba Festo mwenyewe hadi pwani. Alikuwa anaanguka, anainuka, hakukubali kusaidiwa.
Watu wa boti ya uokoaji wamesema walikuwa kusini muda wote.
Mama mkwe amepiga simu kutoka Masasi. Aliuliza jambo moja tu.
"Aliteseka?"
Nikasema hapana, alilala tu.
Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.
"Haya. Mlete nyumbani, mwanangu."